Siku Tatu za Jua

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umeanza na mvua. Bati la darasa la tano linapiga kelele kiasi kwamba nafundisha kwa kupayuka kama mnadi. Watoto arobaini na sita, madawati kumi na tano. Mada ya kwanza: watu wa misitu ya mvua. Kitabu cha kiada kina aya moja tu juu yao, nainakili hapa ili hasira yangu isipoe: "Hapo zamani misituni kuliishi watu wafupi waliokula matunda na asali. Hawakujua kulima wala kuvaa. Maendeleo yalipofika, walitoweka."

Walitoweka! Kama umande. Nina miaka ishirini na miwili ubaoni na nimesoma vitabu vingi kuliko rafu zinavyobeba, lakini sijaona uongo mzito ukipakiwa kwenye neno jepesi namna hii. Palipotoweka watu pana mtu mwenye cheo na mshahara aliyewaambia tokeni. Nimewaambia watoto wafunge kitabu.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini.

"Dada yangu, mtihani unatoka kwenye kitabu."

"Na ukitoka shimoni, tuwatumbukize watoto?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ulimi wako utakuponza. Mimi nakuambia kama kaka."

Nyumbani nimeandika barua nyingine kwa gazeti. Mume wangu, fundi cherehani, amesema bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona: "Posta wakikuona siku hizi wanajificha chini ya meza."

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Bati limeanza kuvuja juu ya ubao.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimewapa changamoto: "Kitabu kinasema watu hawa hawapo. Mimi nasema wapo, leo hii, wakati nyinyi mmekaa hapa mnatafuna kalamu. Anayebisha alete ushahidi. Anayekubali naye alete ushahidi."

Kengele ilipolia alibaki mmoja, binti mwembamba ambaye wenzake wanamwita Sindano, kwa wembamba na kwa maswali.

"Mwalimu, ushahidi ni kitu gani hasa?"

"Ni kitu ambacho mtu hawezi kukibisha."

Akafikiri. "Hata kama anataka kukibisha?"

"Hasa kama anataka."

Jumatatu, 18 Machi

Siku kubwa. Sindano amesimama mbele na kufundisha darasa kuliko ninavyoweza. Namna ya kukunja jani liwe kikombe. Namna ya kubeba mzigo kwa mkanda wa gome uliopita kwenye paji la uso, mikono ikibaki huru. Kwamba ukilina asali unaacha sega moja, la sivyo nyuki wanahama na wewe utahamia kwenye njaa. Jirani yake wa dawati, mtoto wa kike anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa wa kwanza kujaribu. Alifunga vitabu kumi na viwili kwa mshipi wa sketi, akauweka kwenye paji la uso, akaanguka navyo. Tulicheka mpaka darasa la nne wakaja kuchungulia.

Nilimuuliza Sindano kajulia wapi. "Kwa bibi," alisema. Nami, mjinga mwenye vitabu, nikadhani ni hadithi za bibi.

Jumatano, 20 Machi

Ameleta ramani. Karatasi nne za kaki zilizogundishwa kwa uji wa unga. Mto, kivuko cha magogo, vijito vitatu, jiwe lililopasuka katikati, chemchemi ya maji ya moto, kisha vibanda vitatu vya majani. Kwenye kimoja ameandika: Bibi. Sijaona kazi ya mtoto iliyonipa furaha kama hii. Nimeandika juu kwa herufi kubwa DARASA LA TANO: WAPO! na kuibandika ukutani kwa ajili ya siku ya wazazi.

Ijumaa, 22 Machi

Siku ya wazazi. Wamejaa, na matope yao. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwalika mgeni rasmi kutoka ofisi ya hifadhi ya msitu, yule tunayemwita Bwana Misitu; mtu mpole, miwani safi, viatu visivyo na tone la tope siku kama ya leo.

Sindano aliona haya kusimama mbele ya watu wazima, kwa hiyo Redio ndiye aliyeshika fimbo na kueleza ramani, kwa sauti iliyoshinda mvua: "Unavuka hapa! Unapita jiwe lililopasuka! Na hapa ndipo bibi anapoishi!" Wazazi walicheka. Walidhani ni mchezo wa kuigiza.

Bwana Misitu hakucheka. Alikaribia, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoa simu akapiga picha ramani. Mara tatu.

"Hongera, Mwalimu," akasema. "Kazi nzuri sana."

Nami nilisimama pale nimefura kwa sifa.

Jumamosi, 23 Machi

Sijui nianzie wapi. Wino umemwagika.

Asubuhi alikuja nyumbani kwetu mama yake Sindano. Kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu, sokoni, kwa pasi ya mkaa. Jana hakuweza kuja shuleni. Leo alikuja mbio, kanga imelowa, hakukubali kiti.

"Mwalimu, ile karatasi iko wapi?"

"Ukutani, mama. Mgeni rasmi ameipenda mpaka akaipiga picha."

Alikaa chini. Sakafuni, pale alipokuwa amesimama. Mume wangu alizima cherehani.

Akatueleza. Alizaliwa kule. Alikuwa na umri wa Sindano walipotolewa, msitu ulipofanywa hifadhi. Vibanda vikachomwa, watu wakapakiwa kwenye malori wakamwagwa kandokando ya barabara kuu. Wengi walikufa kwa maji machafu na kwa huzuni. Bibi, mama yake, alirudi msituni peke yake, na baadaye vikongwe wawili wakamfuata. Wako humo hadi leo. Miaka sita iliyopita askari wa misitu waliona moshi wakaingia. Walimkamata kaka yake mama Sindano, aliyekuwa amekwenda kumwona Bibi, wakampeleka, na mpaka leo hakuna ofisi inayokubali kuwa iliwahi kumwona. Bibi alisalimika kwa sababu alikuwa mtoni. Wazee wakahamia ndani zaidi, na tangu hapo hawawashi moto mchana. Kila likizo ya kiangazi mama na mwanawe wanakwenda kumwona, na majirani wanaambiwa wanakwenda mashambani kwa shangazi.

"Kila siku namwambia mtoto, usiseme. Kila siku. Halafu anarudi kutoka shule ananiambia, mama, Mwalimu anasema kitabu kinatudanganya, Mwalimu anasema tulete ushahidi. Nikamwambia, nyamaza. Kumbe hakusema. Alichora."

Niliinuka. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu kwa mwanaume yeyote wala kwa mhariri yeyote, nilianza kutafuta viatu vyangu.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini najua siri haitundikwi ukutani."

Nilikimbia shuleni kwenye mvua, nikaishusha ramani, nikaichana vipande nikavitia chooni. Picha tatu bado ziko kwenye simu ya yule mtu. Nimechana pia ukurasa wa daftari hili nilimokuwa nimeinakili ramani kwa majivuno.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Misitu kabla ya kengele. Alinikaribisha, akaagiza chai. Upole wake unanitisha kuliko rungu.

"Nimekuja kwa ajili ya ile ramani," nilisema. "Nisingependa upotezewe muda. Ni ubunifu wa watoto. Watu hao hawapo. Hata kitabu kinasema."

"Nimeambiwa wewe hukubaliani na kitabu."

"Nimebadilika."

"Lini?"

"Asubuhi."

Alitabasamu, akakoroga chai yake. "Nina miaka tisa katika msitu huo, Mwalimu. Lile jiwe lililopasuka nimeliona mara moja, kutoka kwenye helikopta. Chemchemi ya moto haiko kwenye ramani yetu yoyote. Ni mtoto gani aliyebuni hivyo?"

"Ilikuwa kazi ya darasa zima."

"Arobaini na sita?"

"Ndiyo."

"Kwa mwandiko mmoja." Akasukuma sahani ya sukari kuelekea kwangu. "Sina haraka. Kivuko kimechukuliwa na maji na gari letu linazama. Nikipata siku tatu za jua mfululizo, nitakwenda kujionea."

Sikunywa ile chai. Nilifika darasani nimechelewa. Sindano aliniangalia usoni na akajua. Mapumziko alinifuata nyuma ya stoo.

"Mwalimu, ni mimi niliyefanya?"

"Ni mimi," nikamwambia. "Sikiliza vizuri. Ni mimi."

Hakuniamini. Nimeliona hilo machoni mwake.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Asante Mungu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kubwa. Ukuta wa choo cha wavulana umeanguka. Walimu wote wanalaani mvua, nami naitikia "kweli, imezidi" huku moyoni naomba iongezwe.

Mama Sindano amekuja tena. Ameamua kwenda kwa miguu, kwa kuzunguka kwa juu, mahali anapopajua yeye. Watu wa kule hawana simu wala njia nyingine ya kuonywa.

"Mto umejaa, mama. Utakufa."

"Nikikaa, atakufa yeye."

Nilitaka kumwambia nitaandika gazetini, nitapiga kelele, nitawasha moto mpaka mji mkuu. Aliitazama kalamu niliyokwisha kuishika.

"Ukiandika," alisema taratibu, "watajua wamepata penyewe."

Akaniachia mtoto, na mfuko wa nguo mbili zilizopigwa pasi.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Sindano analala chumba cha cherehani. Mume wangu anamfundisha kushona vifungo. Anamtania kwamba sindano imepata sindano. Mtoto alicheka mara moja, kidogo, halafu akaonekana kama mtu aliyeiba kitu.

Jumapili, 31 Machi

Asubuhi jua. Majirani wameanika magodoro. Mimi nimesimama uani nikiangalia mbingu kama mgonjwa anayesubiri majibu. Saa tisa mawingu yakaja, yakamwaga. Hesabu imeanza upya.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Siku sita bila habari za mama.

Darasani nimerudi kwenye kitabu. Nimesoma ile aya kwa sauti, neno kwa neno, watoto wakarudia kwa pamoja: walitoweka. Sauti arobaini na tano. Kuna mmoja ambaye midomo yake ilicheza bila sauti. Nimewahi kuandika kwamba mwalimu anayefundisha uongo kwa hofu ni mbaya kuliko asiyejua. Niliandika nikiwa sijawahi kuogopa.

Redio alinyoosha mkono. "Mwalimu, lakini wewe ulisema..."

"Nilikosea. Kaa."

Akakaa. Aligeuka akamwangalia Sindano kwa muda mrefu. Sijamwona Redio akikaa kimya hivyo, na nikaingiwa na hofu mpya: watoto hawa wanajua. Wanajua Sindano analala kwangu. Wanajua mwandiko ni wa nani. Siri iko midomoni mwa watoto arobaini na watano wa miaka kumi na moja, na ni mimi niliyewafundisha kunyoosha mkono haraka.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua nyepesi.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua. Moja.

Jumanne, 9 Aprili

Jua. Mbili. Ardhi imeanza kupasuka kandokando ya madimbwi. Sindano hali chakula. Anakaa mlangoni anaangalia barabara, halafu mbingu, halafu barabara.

"Mtu akijua kuna watu wanakuja," aliniuliza, "anahitaji siku ngapi kuhama?"

"Bibi yako ana nguvu?"

"Anatembea kuliko mama."

"Basi hahitaji nyingi."

Nilisema tu. Sijui lolote.

Jumatano, 10 Aprili

Jua. Tatu. Saa nne na robo, nikiwa ubaoni, gari la hifadhi limepita barabarani na askari wanane nyuma. Chaki ilinivunjikia mkononi. Sikugeuka kuangalia darasa, kwa sababu nilijua nikimtazama mmoja, wote watajua nani.

Alhamisi, 11 Aprili

Hawajarudi. Mume wangu ameshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Hajatoa utani wowote juu yake.

Ijumaa, 12 Aprili

Hawajarudi. Mama naye hajarudi. Siku kumi na sita.

Jumanne, 16 Aprili

Niandike yote, maana nikilala bila kuandika sitaamini kesho.

Saa tatu mlango wa darasa ulifunguliwa. Mwalimu Mkuu mbele, jasho limemjaa. Nyuma yake Bwana Misitu, na mara hii viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kifundo. Watoto wakasimama wakamwamkia. Akaitikia kwa upole uleule.

"Mwalimu, niazime wanafunzi wako dakika tano."

Akatoa kwenye mfuko mkanda wa gome, mpana katikati, uliochakaa kwa jasho la paji la uso wa mtu fulani kwa miaka. Akaulaza mezani.

"Watoto wangu, juzi tulifika mahali. Vibanda vitatu, kama ilivyochorwa. Wenyewe hatukuwakuta, majivu ya baridi tu, na hiki. Mimi nafikiri kuna mtu aliwaambia. Na nafikiri humu ndani yupo mwenzenu anayejua wamekwenda wapi." Akatazama safu baada ya safu, bila haraka. "Sitamdhuru mtu. Tuanze na jambo dogo. Hiki ni nini? Nani anakijua?"

Wote walikuwa wakikijua. Kila mtoto humo ndani alikuwa ameshajaribu kubeba vitabu kwa mkanda wa namna ile. Nilifundisha vizuri, Mungu anisamehe, sijawahi kufundisha vizuri kama muhula huu. Nilisimama karibu na ubao. Sindano alikuwa dawati la tatu, mikono juu ya meza, anautazama ule mkanda.

Hakuna mkono uliopanda.

"Ajabu," akasema Bwana Misitu. Akamnyooshea kidole Redio. "Wewe. Wewe ndiye uliyetueleza ramani siku ile, kwa sauti nzuri kabisa. Simama. Hiki ni nini?"

Redio akasimama. Akaweka mikono nyuma.

"Sijui, bwana."

"Hujui? Na jiwe lililopasuka ulilijuaje?"

"Nilikariri. Mwalimu alituandikia, nikakariri." Akavuta kamasi. "Mimi hukariri kila kitu, bwana, lakini sielewi. Muulize mtu yeyote."

Nyuma mtu akasema, "Kweli, haelewi." Mwingine: "Sisi hatujafika huko, bwana." Na mwingine: "Tumefika ukurasa wa walitoweka." Ikawa kama mvua inavyoanza kwenye bati, tone hapa, tone pale, mpaka darasa zima likawa linasema hatujui, hatujui. Sindano naye alisema hatujui. Nilimsikia.

Bwana Misitu akanigeukia. "Kwa hiyo ni wewe, Mwalimu."

"Ni mimi," nikasema. "Nilisoma kwenye vitabu vya zamani vya wapima ardhi, nikaunganisha nikachora. Vibanda nilibuni. Kama umevikuta, basi kuna wawindaji. Mimi sijawahi kukanyaga huko, na utapata watu elfu wa kukuapia kwamba siwezi kupanda hata ngazi mbili bila kupumzika."

"Na mwandiko?"

"Mwanafunzi yeyote anaweza kuandika ninachomwamuru."

Alinitazama sana. Nadhani hakuniamini, lakini hakuwa na pa kushika. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anasikia hofu yangu kama anavyosikia kengele yake, akaingilia: "Mzee, niliwaambia ofisini. Huyu dada ana maneno mengi, lakini darasani watoto wake hawajui kitu." Aliusema uongo huo bila kupepesa. Miaka yote nimemwita mwoga kwenye daftari hili na mengine kabla yake.

Walipotoka, Redio alibaki amesimama, na chini ya dawati lake sakafu ilikuwa imelowa. Nilimpa sweta yangu ajifunge kiunoni.

"Mwalimu," alinong'ona, "nimesema uongo mbele ya mgeni. Nitachapwa?"

Nikatikisa kichwa.

Jioni, nyumbani, Sindano aliniuliza: "Uliona fundo la mkanda?"

Sikuwa nimeliona. Nilikuwa naangalia nyuso.

"Halikukatwa. Limefunguliwa vizuri, na ncha zimekunjwa ndani. Mtu anayekimbia hakunji ncha." Kisha akala. Sahani nzima, na ya pili.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekabidhiwa barua ya onyo: ukaguzi wa ghafla umebaini kwamba wanafunzi wa darasa la tano hawana ufahamu wowote wa mada ya misitu, na mwalimu ameingiza mambo ya kubuni. Nakala imekwenda wilayani. Nimeweka sahihi. Mwalimu Mkuu alisubiri nijibu kitu. Nikamuuliza kama bati litazibwa kabla ya vuli.

Jumamosi, 20 Aprili

Amerudi. Alikuja mchana kweupe kwa njia ya sokoni, na kikapu cha mkaa kichwani kama mtu aliyekwenda tu kununua mkaa. Amekonda, na nyayo zake zimechanika kwa namna ambayo mume wangu alitoka nje ili asizione. Sindano hakulia. Alimkumbatia kiunoni akabaki hapo kama kifungo.

"Wamehama," mama alisema juu ya kichwa cha mwanawe. "Wote watatu."

"Wapi?" nikauliza.

Neno lilitoka lenyewe. Miaka ishirini na miwili ya kuuliza.

Mama Sindano aliinua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyenyoosha mkono kuelekea pasi ya moto kwa mara ya pili.

"Mwalimu," alisema, "nipe maji ya kunawa miguu."

Nikaenda kuleta maji.